Kanuni ya Saba

Jumatatu, 1 Aprili

Nimenunua daftari hili katika duka linalotazamana na stendi ya Garsen, kwa sababu kompyuta ninayotumia si yangu. Kila ninachoandika ndani yake kinasomwa na mtu Nairobi, na huenda kinasomwa pia na mtu mwingine ambaye mkataba wangu unanikataza hata kumtaja. Daftari halina neno la siri, lakini mwandiko wangu ni mbaya kiasi cha kujilinda wenyewe.

Kazi yangu, nikiieleza kwa lugha ya kawaida, ni kuigiza vita ndani ya kompyuta. Natengeneza ramani, naweka watu juu yake kama vidoa, nakipa kila kidoa akili kidogo: ogopa, kimbia, fuata wenzako, pigana. Kisha nabonyeza na kutazama nani atampiga nani. Wanajeshi hutumia michezo hiyo kufanya mazoezi bila mtu kuumia. Baba nilipomweleza akasema, "Kwa hiyo unalipwa ucheze." Nikamwambia ndiyo. "Basi cheza vizuri, mwanangu. Kulima tutalima sisi."

Msimu huu kampuni imenileta huku nyumbani kwa sababu modeli yetu inajaribiwa kwa mara ya kwanza kwenye jambo la kweli, nalo ni masika. Mteja anataka kuona kama inaweza kumwambia wapi apeleke boti za uokoaji na wapi kuna hatari ya mapigano, asipeleke. Tumekodi ukumbi mmoja hapa mjini. Nimepewa meza, feni na chumba cha kulala nyuma yake. Mimi ndiye Mpokomo pekee katika kampuni nzima, kwa hiyo ndiye "mwenyeji".

Jumatano, 3 Aprili

Joto. Jenereta imezima mara mbili. Mwanamke wa Kiorma anayeuza maziwa alibisha mlango. Sikununua.

Ijumaa, 5 Aprili

Alibisha tena. Sikufungua.

Jumapili, 7 Aprili

Nilivuka kwenda kwetu Kibokoni, nikasali na Baba. Anachechemea zaidi kuliko mwaka jana, goti linamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakujibu kana kwamba umemtukana. Tulitembea hadi ukingoni akachota maji kwa kiganja, akayanusa.

"Yananuka udongo wa juu," akasema. "Huko kwa wenye milima imeshanyesha."

Mahindi yake yamefika kiunoni. Shamba liko ng'ambo, chini kabisa, ambako maji yakija huja kwanza. Katikati yake kuna mwinuko wa mchanga tunaouita Tutani, na juu yake amejenga dungu, kijumba cha miguu mirefu anachokaa kufukuza nyani na nguruwe mwitu. Nilimwambia mwaka huu avune mapema. Akacheka. "Mahindi hayana kalenda ya Nairobi."

Ijumaa, 12 Aprili

Leo yule mwanamke alinikuta mlangoni nikianua nguo, sikuwa na pa kujificha. Anaitwa Sabdio. Ni mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mrefu, na anabeba dumu la lita kumi mgongoni utadhani kabeba kitambaa.

"Mimi nakuja kila siku, wewe nafunga mlango," akasema. "Maziwa ya mimi iko na kosa gani?"

"Sinywi maziwa."

"Jana nimeona pakiti ya dukani kwa takataka yako."

Akanitazama bila hasira, kama mtu anayetazama mtoto aliyedanganya vibaya, akaenda zake. Nimekasirika tangu asubuhi na sijui nimemkasirikia nani. Ninajua tu kwamba sitakunywa maziwa ya watu wale.

Jumanne, 16 Aprili

Nimemaliza kuisafisha Kanuni ya Saba. Kanuni sita za kwanza waliziandika wenzangu Nairobi, na ni za binadamu yeyote popote: watu hukimbia maji, hufuata barabara, hukusanyika penye chakula. Ya saba ni yangu mimi, na hakuna mgeni ambaye angeweza kuiandika. Inasema hivi: mahali wanawake na watoto wakiondoka, wanaume wakabaki na mapanga, simu zao zikazimwa, na kundi jingine la wanaume likaanza kusogea upande huo, hesabu vita ndani ya siku tatu.

Niliipata nikiwa na miaka kumi na tisa. Mwaka ule wa vita yetu na Waorma wafugaji kulikuwa na asubuhi moja ambapo ng'ambo ya pili palinyamaza. Hapakuwa na moshi wala sauti ya mtoto. Mama alisimama na ufagio mkononi akasema, "Wameondoa watoto." Kakangu Silas alimcheka, akaenda kufungua mtumbwi wake. Siku ya pili mwili wake uliletwa nyumbani kutoka kando ya barabara, umefunikwa shuka ya mirabaraba ambayo haikuwa yetu. Mama hakukaa sana baada yake. Sijawahi kuuliza shuka ile ilikuwa ya nani. Baba aliifua, akaikunja, akaiweka sandukuni.

Rebecca, mkubwa wangu, alipoisoma kanuni hii aliniambia ni kitu cha thamani kuliko data zote tulizonunua. Nilifurahi. Nilihisi nimemlipia Silas kidogo.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua. Sikwenda kanisani. Simu ya Baba imezimwa.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Sabdio alipita barabarani amejifunika nailoni. Hakubisha, nami nikajikuta nasikiliza kama atabisha.

Jumatano, 24 Aprili

Mto umevunja ukingo. Kuanzia asubuhi watu wa Kibokoni wanatolewa kwa boti na kuwekwa kambini, kwenye mwinuko kando ya lami. Nilikwenda kuwapokea. Wanawake walishuka, watoto wakashuka, kuku wakashuka. Baba hakushuka.

"Wanaume wamevuka kwenda Tutani," jirani yetu mmoja akaniambia. "Baba yako kasema mahindi yamebakisha wiki mbili, hawezi kuyaachia maji hivi hivi. Watavuna yakiwa mabichi."

Wako tisa, na mapanga na mitumbwi mitatu. Ni desturi yetu, nimeiona tangu utotoni: maji yakija, mama na watoto hupanda juu, baba hushuka chini kuokoa kinachookoleka. Simu huzimwa zote ikabaki moja, ili chaji itoshe. Niliyajua haya yote. Niandike tena, maana nitaulizwa: niliyajua.

Alhamisi, 25 Aprili

Simu ya Baba imezimwa. Hata ile moja iliyobaki haipatikani. Maji yamepanda dhiraa nzima tangu jana.

Ijumaa, 26 Aprili

Saa mbili asubuhi mraba wa Tutani kwenye ramani ya kompyuta uligeuka mwekundu.

Nilidhani ni macho yangu. Nikaubonyeza mraba ule, modeli ikanifungulia sababu zake moja moja, kwa utaratibu, kama nilivyoifundisha. Wanawake na watoto wameondoka. Wanaume tisa wamebaki. Mapanga yameonekana kwenye picha ya droni. Simu zimezimwa. Na kutoka upande wa magharibi, wanaume wanane pamoja na ng'ombe, wafugaji, wanasogea kuelekea Tutani. Kanuni ya Saba. Uwezekano wa vita: asilimia sitini na nne.

Sikuiona ramani tena, nilimwona Mama na ufagio wake.

Rebecca alipiga simu kabla sijavuta pumzi. Mteja alikuwa amekaa naye chumba kimoja Nairobi. "Pauline, skiza. Tuko na nyekundu moja huko kwenu. Boti iko tayari kuingia hapo saa tatu. Mfumo hauwezi kuifunga njia bila mwenyeji kuthibitisha. Hii ni vita kweli ama ni kelele tu ya data?"

"Ni kweli," nikasema.

"Una uhakika?"

"Rebecca, nimezaliwa hapa. Hivi ndivyo inavyoanza. Babangu yuko ndani ya mraba huo. Pelekeni askari, si boti."

Nikathibitisha. Asilimia ikapanda hadi tisini na moja. Boti ikaambiwa isubiri ulinzi, na ulinzi hauwezi kufika kwa sababu barabara imekatika sehemu mbili na helikopta iko kaunti nyingine. Nimepiga simu kila ofisi ninayoijua kuomba watu wenye bunduki. Nimelia mbele ya watu nisiowajua. Baba yangu atauawa na watu wale wale, nami nimekaa chini ya feni natazama vidoa vinane vikimsogelea.

Jumamosi, 27 Aprili

Nyekundu. Vidoa vya makundi mawili vimegusana tangu jana jioni. Droni haipandi, mawingu yako chini. Simu imezimwa. Nimempigia Rebecca mara kumi na moja. Mara ya mwisho aliniambia nile kitu.

Jumapili, 28 Aprili

Nyekundu. Nimeomba Mungu kwa Kipokomo, ambacho sikuwa nimekitumia kwa sala tangu mazishi ya Mama. Nilimwomba awaue wale wanane kabla hawajamfikia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoomba.

Jumatatu, 29 Aprili

Lazima niandike yote kwa mpangilio, la sivyo nitaanza kujidanganya.

Saa nne asubuhi Sabdio aliingia ukumbini. Hakubisha. Alikuwa ameloa hadi kifuani na hakuwa na dumu. Askari wa mlangoni alimfuata akimkemea, naye hakugeuka hata kumtazama.

"Wewe iko na kazi ya ramani ya boti," akaniambia. "Bwana ya mimi iko Tutani. Siku tatu sasa. Boti napita kwa mbali, hapana simama. Kwa nini hapana simama?"

Nikasimama. "Bwana yako amefuata nini Tutani?"

"Amefuata nini?" Alishangaa kweli. "Amepeleka ng'ombe. Maji nakuja, ng'ombe nakwenda Tutani. Kila masika. Wewe hapana jua? Baba yako ndiye nampa nafasi. Mzee Barnabas nakata mahindi, shina nakula ng'ombe. Bwana ya mimi nasaidia yeye kubeba mahindi. Kumi na mbili masika sasa."

"Baba yangu?"

"Mzee Barnabas ya mguu mbaya. Yeye nakula kwangu. Mimi najua wewe mtoto yake, ndiyo nakuja mlango yako kila siku. Yeye nasema, 'Pelekea Pauline maziwa, amekonda.'"

Nilikaa chini. Nakumbuka feni ilikuwa ikizunguka na kwenye skrini mraba ulikuwa mwekundu, na chini yake jina la aliyethibitisha, ambalo ni langu. Miaka kumi na miwili hii, kila masika, wanawake na watoto wameondoka, wanaume wamebaki na mapanga, simu zimezimwa, na wanaume wengine wamekuja na ng'ombe. Haikuwa vita hata mara moja. Ilikuwa mavuno. Mgeni asingewajua watu hawa, kwa hiyo angeiacha boti iende. Mimi niliwajua, nikaizuia.

Nilimpigia Rebecca. Nilimweleza. Akasema kwa sauti ya chini, "Mteja yuko hapa na wakubwa wake. Tangu Ijumaa nawaonyesha hiyo nyekundu. Siwezi kuwaambia saa hii kwamba mwenyeji wetu alikosea. Wape hadi jioni, droni ikipanda tutaona."

"Hadi jioni watakuwa ndani ya maji."

"Pauline, usiguse hiyo kanuni. Nakuomba kama rafiki."

Niliigusa. Nilifungua mfumo nikaupunguza uzito wa Kanuni ya Saba hadi sifuri, kisha nikabonyeza modeli ihesabu upya. Ilichukua sekunde arobaini. Mraba wa Tutani ukageuka kijani, na simu ya upepo iliyokuwa mezani ikaanza kusema kwamba njia ya Tutani iko wazi. Siku tatu, na kumbe zilikuwa sekunde arobaini.

Nilikimbia na Sabdio hadi pale lami ilipozama. Ubeid, nahodha wa Kipini aliyekodiwa pamoja na boti yake, alikuwa akijaza petroli. "Mwanangu, hii si boti ya kupakia wanawake kwenda nao," akasema. Kisha akamtazama Sabdio. "Haya, pandeni. Kaeni katikati, na mti ukija msishike."

Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba milango, migomba na mzoga wa punda. Tuliufikia mwinuko mwendo wa saa nane mchana, au kilichobaki cha mwinuko, maana haukuzidi ukubwa wa ukumbi wa kanisa. Niliwaona wanaume wamesimama pamoja na ng'ombe, sikuweza kutenganisha Mpokomo na Mworma, wote walikuwa rangi moja ya matope. Kwa mapanga yao walikuwa wamekata miti na kuipanga ukingoni kuzuia mchanga usibebwe. Baba alikuwa juu ya dungu, ameketi. Nikapiga kelele ya furaha, nikamwita. Alikuwa akipunga kitambaa polepole juu ya mtu aliyelala kando yake, akifukuza nzi.

Sabdio alijua kabla yangu. Alishuka kwenye boti maji yakiwa mapajani, akaenda moja kwa moja.

Godana, mumewe, aliumwa na nyoka Jumamosi jioni. Nyoka wote wa bonde zima walikuwa wamepanda Tutani kama watu. Dungu lina nafasi ya kulala mtu mmoja, na Godana alimwambia Baba, "Wewe una goti, panda juu," akalala yeye mchangani. Baada ya kuumwa ndipo walipompandisha. Jumapili yote alikuwa akiongea. Boti ilipita kwa mbali mara mbili, wakapunga mashati, ikaendelea na safari. Amekufa leo alfajiri. Walichimba kaburi mara tatu na kila shimo lilijaa maji.

Alikuwa amefunikwa shuka ya mirabaraba iliyofubaa. Niliijua papo hapo. Baba aliniona naitazama.

"Ni yake," akasema. "Nimemrudishia."

Jumanne, 30 Aprili

Wamemzika jana hiyo hiyo kabla ya magharibi, kwenye ardhi kavu karibu na lami. Baba alisimama nyuma ya waliokuwa wakiswali, kofia mkononi, mguu mmoja akiuinua. Watu kumi na sita wametoka salama. Mahindi yote yamekwenda.

Ijumaa, 3 Mei

Baba anakaa nami chumbani. Haongei. Leo alikunywa uji akasema tu, "Aliongea habari za ng'ombe wake wawili, mpaka mwisho." Kisha akarudi kitandani.

Jumatatu, 6 Mei

Nilingoja kufukuzwa. Rebecca amepiga simu na sauti ya mtu aliyeshinda kitu.

"Wamefurahi," akasema. "Ripoti imetoka. Mfumo ulitabiri vita Tutani, boti ikazuiwa, vita haikutokea. Wanasema ndiyo uokoaji wa kwanza wa aina yake."

"Vita haikutokea kwa sababu haikuwepo."

"Hakuna mtu anaweza kuthibitisha hiyo."

"Mtu amekufa, Rebecca."

"Na nyoka. Imeandikwa nyoka." Akashusha pumzi. "Skiza, mimi si jiwe. Nimeona kwenye rekodi kwamba uliigusa kanuni. Hakuna mwingine ameangalia. Nimeirudisha ilivyokuwa. Wanaitaka, Pauline. Wanaitaka kwa mito yote yenye mafuriko, na jina lako liko juu. Nyamaza tu."

Nimeisoma ripoti. Ni nzuri sana, ina michoro. Tutani wamepaandika kwa namba, na chini yake wameweka sufuri kwenye safu ya vita. Ukiisoma bila kujua, unaweza kumpa mtu nishani.

Ijumaa, 10 Mei

Leo Baba ameongea. Nilikuwa nafua, naye amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mwaka ule," akasema, "Godana ndiye aliyemtoa Silas kule alikoangukia. Alimbeba kwa mkokoteni wake wa punda mpaka barabarani, akamfukuzia nzi, akamfunika. Watu wake wangemuua kwa hilo. Nilijua baada ya miezi, alikuja mwenyewe kuniambia."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungesikia?"

Nisingesikia.

"Nilidhani kuna wakati," akasema Baba. "Nilimwambia Sabdio awe anakuletea maziwa, nikasema mtazoeana kidogo kidogo, halafu nitakwambia. Wewe kidogo kidogo huijui."

Ndipo nikamweleza na mimi. Nilimweleza kanuni, na simu ya Ijumaa, na neno langu, "Ni kweli." Nilitaka apige kelele. Alitazama beseni mpaka povu lote la sabuni likaisha.

"Nani mwingine anajua?"

"Rebecca."

"Sabdio?"

"Hapana."

"Basi mimi siwezi kuendelea kula kwake," akasema, "mpaka ajue."

Jumapili, 12 Mei

Nilikwenda hadi kwake. Nikageuka njiani.

Jumatatu, 13 Mei

Nikageuka njiani. Baba hajala tangu jana, anasema hana njaa.

Jumanne, 14 Mei

Nimemwambia Sabdio.

Nilimkuta mbele ya nyumba yake akisugua dumu kwa majivu. Amevaa nguo za eda. Alinipa kigoda, nikakaa, nikasema yote bila kupamba. Nilimwambia boti ilikuwa tayari Ijumaa saa tatu. Nilimwambia nani aliizuia. Nilimwambia kwa nini. Mengine sidhani alielewa, habari za modeli na asilimia, lakini ya msingi aliyaelewa upesi kuliko mimi mwenyewe.

"Ijumaa," akasema.

"Ijumaa."

"Nyoka nauma yeye Jumamosi."

"Ndiyo."

Alihesabu kwa vidole. Alifika kidole cha pili akakiacha kimesimama, akakitazama.

"Wewe naona Godana kwa kompyuta yako?" akauliza. "Namna gani? Naonekana uso?"

"Hapana. Ni kidoa tu. Kama tone la wino."

"Na baba yako?"

"Kidoa pia."

"Sasa wewe najuaje huyu Mworma, huyu Mpokomo?"

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia naviwekea rangi mimi mwenyewe.

Hakulia mbele yangu na hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliniambia, "Mzee Barnabas aje akule. Yeye hapana kosa." Kisha akasimama, akalichukua dumu lake, akaingia ndani akafunga mlango. Nilikaa nje pale kwenye kigoda muda mrefu, nikijua sasa upande huu wa mlango ukoje.

Alhamisi, 16 Mei

Baba amekula kwake leo. Alirudi akasema chakula kilikuwa kizuri. Hakuniambia walizungumza nini, na sikuuliza.

Jumatatu, 20 Mei

Asubuhi nimetuma barua kwa mteja, kwa Rebecca na kwa kila aliyetajwa kwenye ripoti. Nimeambatanisha rekodi ya mfumo: saa ya kuthibitisha na jina langu, saa ya kuzima kanuni na jina langu, saa ambayo Rebecca aliirudisha. Nimeandika kwamba Tutani hapakuwa na vita ya kuzuiwa, palikuwa na mavuno, na kwamba Godana aliuawa na nyoka pamoja na mimi. Kufikia saa saba mchana kompyuta ilikuwa haifunguki tena. Jioni alikuja kijana wa kampuni kuichukua, akaomba na funguo za ukumbi; mimi na Baba tumepata chumba cha kupanga barabara hii hii. Rebecca ameandika ujumbe mmoja tu: "Wataiweka jina lingine na wataendelea." Naamini. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yamekwenda mito yote.

Mvua imekatika. Baba ameazima jembe, anasema udongo ulioachwa na mafuriko ni mzuri na haufai kungoja. Kesho tunavuka wote wawili.

Ijumaa, 24 Mei

Tumepanda mistari sita. Viganja vyangu vimechubuka.

Jumamosi, 25 Mei

Sabdio amerudi kuuza maziwa. Anapita saa moja asubuhi, nasikia nyayo zake na dumu likigonga. Leo nilitoa chupa mbili, nikaziosha, nikaziweka nje ya mlango. Alipita.

Jumapili, 26 Mei

Alipita.

Jumatatu, 27 Mei

Alisimama kidogo. Nilikuwa ndani, nimeshika kitasa, sikuthubutu kufungua. Kisha akaenda. Nimeziosha chupa tena.